Maneno Mia Tano

"Tangu utotoni nimependa kusaidia watu."
Nimefuta.
Utotoni nilipenda ubuyu, na kulala.

Umeme umekatika Tandika nzima,
naandika kwa mwanga wa simu, chaji asilimia kumi na moja,
maombi yanafungwa saa sita usiku.
Dada Mwanaidi kasema: weka machozi, weka marehemu babu,
chuo wanapenda.
Babu yuko Kilwa, mzima, anadai hela ya miwani.

Basi niandike lile.

Duka la dawa la Mangi Shirima, mwezi wa likizo,
mimi nyuma ya kaunta, koti jeupe la kuazima.
Akaja mama, mtoto mgongoni, kifua kinamkoroma,
cheti mkononi: vidonge ishirini vya kuyeyusha.
Hela yake ya vinane.
Nikachukua mkasi, nikakata pakiti.
"Vingine utakuja kuchukua," nikasema,
nikijua.
Akanishukuru. Akaniita daktari.

Hakurudi.
Hadi leo nikiona kanga ya korosho
naangalia mgongoni kwanza.

Sijui kama hii ni sababu ya kusomea udaktari.
Maneno yamebaki mia tatu na kitu.
Chaji, nne.
Natuma hivyohivyo.