Ikigeukia Bahi

Saa nne Ipala, jua limeshaanza kudai.
Kijiko kimeinama ukingoni mwa lambo lisilo na maji
kama mtu aliyesahau alichoinamia.
Kwenye skrini, herufi moja na tarakimu nne.
Ndahani, dereva, ameziandika kiganjani kwa kalamu ya bluu.
Zimeanza kuyeyuka kwa jasho.

“Mbukwa,” namwambia. Anaitika,
kisha anaingia moja kwa moja kwenye msiba:
pampu imebadilishwa. Ikabadilishwa tena.
Mafundi wawili, kila mmoja na kitabu chake ndani ya simu,
walisoma namba, wakasoma maelezo,
*presha ya pampu iko chini*,
wakapanda basi la Dar kutafuta nyingine.
Bi Mbeleje, mwenye mashine, hataji bei.
Anasema tu: “Mashamba ya zabibu, kule Hombolo,
nilikuwa nayo mawili.”

Namba ni shahidi, si hakimu.
Inasema ilichosikia kupitia ukuta.
Hii ilisema: *sijapata habari za pampu.*
Na sisi, kwa haraka ya kula fedha za watu,
tukasikia: pampu imekufa.

Sikufungua boksi la spana.
Nilimuuliza Ndahani, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza:
inaanza lini?
Akakwangua udongo kwa kiatu.
“Ikitazama Kongwa ni nzima. Inachimba mpaka unaipenda.
Ikigeukia Bahi kumwaga, inalegea.
Kibarua mmoja alisema ni mashetani.”
Na wewe?
“Mimi nilisema nitamwambia fundi.”

Mashine ilikuja na stika za lugha tusiyoisoma.
Saa zake zinasema elfu nne na mia mbili,
lakini pedali ya kulia imelika mpaka chuma kinang'aa,
na kiti kimeshika umbo la mtu mnene,
Ndahani mwenyewe ni ufito wa tembe.
Siku iliposhushwa, kumbukumbu yake ya makosa ilikuwa tupu.
Miaka kumi na saba ya kuchimba, bila kosa hata moja,
kama marehemu siku ya kuzikwa.

Nikafunga geji. Tukatazama Kongwa: mia tatu na ishirini.
Tukageukia Bahi, mashine ikalalia mteremko,
skrini ikaanza kulia,
na sindano ya geji
haikutikisika.
Pampu ilikuwa inasukuma. Ubongo ndio uliojizuia,
kwa woga wa asiyeletewa taarifa.

Nikaingia kwa kiwiko nyuma ya tangi la oili, nikifuata waya wa sensa
kwa vidole, maana macho hayafiki.
Pale unapogusa ukingo wa bati: utepe wa kijani,
si wa maduka yetu, umezungushwa mara saba,
kwa unadhifu wa mtu anayefunga zawadi.
Ndani yake, nyuzi mbili za shaba zilizobaki hai.
Mashine ikilala upande huu, zinaachana.

Kwa hiyo yupo aliyejua.
Mahali fulani kwenye baridi, mtu alifika hapa kabla yangu,
akaona nilichokiona, akachagua utepe,
akafuta namba, akaosha mwili wa kijiko, akauza.
Nilitaka kumchukia. Lakini kazi ya mkono wake
ilikuwa safi kuliko yangu.

Shubiri moja ya waya, na kipande cha mpira wa baiskeli juu yake.
“Shilingi ngapi?” akauliza Bi Mbeleje.
Waya, elfu mbili.
Hakucheka. Akaenda kuketi juu ya turubai
lililofunika pampu mbili za zamani,
nzima zote mbili.

Ndahani akapanda.
Akageuza kuelekea Bahi taratibu,
kama anayepita mbele ya mbwa aliyewahi kumng'ata.
Skrini kimya. Bakuli likamwaga. Kimya.
Halafu, ti: namba nyingine.
Akanitazama kupitia kioo, kiganja wazi, akitafuta kalamu.
Usiandike, nikamwambia. Hiyo ni chujio la hewa.
Vumbi.
Hiyo haisingizii mtu.