Pesa Haikaushi Mti

Baba huchonga chukudu Majengo, nyuma ya ukuta wa mawe meusi
ambayo volkano iliyatema kabla sijazaliwa.
Kabla ya shoka, sikio:
hugonga gogo kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza kama daktari kwenye kifua cha mtoto.
"Bado," husema. "Huu ungali unakunywa maji."
Gogo hurudishwa kivulini bila aibu.
Hakuna anayeliita gogo lenye maringo.

Jumamosi alikuja Mzee Semivumbi, muuza viazi wa Kibumba,
noti zimekunjwa ndani ya kofia,
akataka chukudu yake kesho, si keshokutwa.
"Au unanichukia? Wengine wanatengeneza kwa siku mbili."
Baba alifuta jasho, akamrudishia noti zake:
"Pesa haikaushi mti, ndugu yangu.
Wengine wapo. Nenda.
Ila ukishuka mteremko wa Kibati na magunia sita,
ukasikia ufa, usinitaje."

Mimi nilikuwa nimeketi juu ya maranda,
simu mkononi, kioo kimepasuka kona moja.
Ujumbe wa Mumbere ulikuwa unanitazama tangu asubuhi:
*Kama kweli unanipenda, ungeshanionyesha.
Wenzako wote wameshakua. Wewe unangoja nini?*

Sikujua nangoja nini. Hilo ndilo lililoniuma.
Kwa sababu nampenda Mumbere, nisiseme uongo:
anavyocheka mpaka kikohozi kimshike,
anavyobeba bidoni yangu kutoka robineni
akijifanya si nzito.
Aliniwekea uniti mwezi mzima,
akaninunulia mandazi, na siku ya mtihani kalamu mbili.
Je, mandazi ni rehani?
Kuna daftari mahali ambamo jina langu
limeandikwa upande wa madeni?

"Mkubalie," Kavugho ananiambia robineni,
"asije akaenda kwa mwingine."
Anasema haraka, kama mtu anayesoma tangazo,
macho yake kwenye bidoni inavyojaa.
Sikumwuliza yeye ilikuwaje.
Ilifaa nimwulize.

Usiku nikajigonga kifua kwa kifundo cha kidole,
mchezo tu, niko peke yangu nyuma ya pazia.
Nikasikiliza.
Hofu ilikuwemo. Hamu ya kupendwa, nayo ilikuwemo
(hamu si dhambi, mama mdogo aliniambia akinisuka),
lakini ndiyo yangu haikuwemo.
Nilitafuta. Maji tu.

Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
*Nakupenda. Sijawa tayari. Maneno haya mawili hayagombani.
Ukiuliza kesho, jibu ni lilelile, na mimi ni yuleyule.
Ukitaka uniti zako, nitakurudishia kidogo kidogo.*

Nikatuma. Tumbo likakaza kama kamba ya mzigo.
Vile vidoti vitatu vikacheza, vikazima,
vikacheza, vikazima. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima,
na kule juu wekundu wa Nyiragongo
ukaonekana vizuri zaidi.

Saa tisa za usiku simu iliwaka:
*Ule ujumbe si mimi niliyeutunga.
Ni akina Gloire. Walishika simu yangu, wakaandika, wakasema tuma,
nikatuma ili wasinicheke.
Hata mimi sijui kama niko tayari. Hakuna aliyeniuliza.
Uniti si deni.*

Sijamjibu.
Kidole kilichobonyeza kilikuwa chake;
hilo nalo nataka kuliwaza, polepole.

Asubuhi Mzee Semivumbi alirudi, kofia mkononi,
hakusema alikuwa amekwenda wapi.
Akauliza itachukua wiki ngapi.
Baba akamwonyesha kiti,
hakumwonyesha kalenda.

Mimi nikachukua bidoni yangu nikatoka.
Kavugho huwahi robineni kabla watu hawajawa wengi,
na leo nina swali.