Kengele ya Pikipiki, Kiloleni

Mihambo kaja anaisukuma pikipiki:
"Inalia usiku, na mwizi hayupo."
Kalunde akachomoa kidude cheusi,
kidogo kama punje ya karanga,
akakipasua kwa wembe.

Ndani hamna la ajabu:
sindano moja imesimama wima,
springi laini imeizunguka
bila kuigusa. Kati ya viwili hivyo
upana wa unywele.
Tikisa: springi inayumba, inaigonga sindano,
umeme unavuka, honi inapayuka.
Ni hayo tu. Shilingi mia nane, dukani Ng'ambo.

Hakimjui mwizi. Hakimjui mbuzi
anayejikuna kwenye tairi.
"Inalia saa ngapi?"
"Saa nane, saa tisa. Haina saa."
Kalunde akacheka: na treni ya Kigoma
tangu lini ikawa na saa?
Reli ipo nyuma ya ukuta wenu;
ardhi hutetemeka
sikio lingali usingizini.

Akachovya kijiti kwenye nta ya nyuki.
"Kipya nitakitia tone. Kitakuwa kizito, kitanyamaza."

Mihambo akamshika mkono.
"Ngoja kwanza. Abiria wa treni hiyo
wana mizigo,
na wenzangu wote wa kijiweni wamelala."

Nta ikaganda kijitini.