Dirisha la Tatu, Ibra

Sheria imebandikwa ukutani kwa gundi ya mwaka juzi,
kona yake ya chini imejikunja kama sikio la mbuzi:
pokea ombi, andika tarehe, mpe mwombaji namba,
usitoe kitu, usifute kitu,
mpaka ujue kwamba aombaye ndiye mwenyewe.

Mwenyewe.
Neno jepesi mdomoni. Mezani ni zito.

Jumanne alikuja Mundhir bin Ghusn,
kanzu imepigwa pasi ikasimama peke yake,
ubani umemtangulia hadi kwenye kiyoyozi.
Akataka taarifa zote za simu ya Bi Thuweiba:
nani humpigia, na yeye humpigia nani.
"Shangazi yangu. Amenituma."
Nikauliza tarehe ya kuzaliwa,
akaitema kama kokwa ya tende.
Jina la mama mzazi? Akalitaja na la babu juu yake.
Malipo ya mwisho?
Riali saba na baisa mia tatu.
Hakukosea hata baisa.

"Barua ya idhini?"
"Ya nini? Damu yangu ile."
Nikamwambia damu haina mhuri.
Akacheka bila meno kuonekana,
akaondoka na namba ya ombi lake mfukoni.

Jumatano, soko la wanawake lilipovunjika,
akaingia Bi Thuweiba mwenyewe
na mfuko wa ndimu kavu na nyuzi za kufumia kofia.
"Mwanangu, nifutieni kwenye orodha zenu.
Watu nisiowajua wananipigia usiku,
wanauliza bei ya mitende yangu
na zamu yangu ya maji ya falaji.
Nani kawaambia nauza?"

Tarehe ya kuzaliwa, Bibi?
"Ipi? Ya mama au ya serikali?
Ya mama ni mwaka ule karafuu zilipoozea majamvini, Wete,
mvua haikutupa hata siku moja ya jua.
Ya serikali niliipata uwanja wa ndege.
Karani aliniuliza, nikanyamaza,
akaandika mosi Januari.
Ndege nzima tulizaliwa siku hiyo."

Malipo ya mwisho?
"Hulipa mjukuu."
Jina la mama?
Akataja lile la nyumbani, la mapenzi,
ambalo hakuna karani aliyewahi kuliandika.
Mashine ikakataa. Ikakataa tena.
Mara ya tatu ikaandika kwa wekundu: si yeye.

Mimi namjua.
Mkate wake wa kumimina ndio ulioniotesha meno.
Lakini kujua kwangu si ushahidi,
na sheria haina shangazi.

Nikainuka, nikaikunjua kona ile kwa kidole gumba.
Palikuwa na mstari chini yake, sijausoma siku nyingi:
maswali yakishindikana, tafuta njia nyingine;
asiadhibiwe mtu kwa kusahau.

Nikatuma tarakimu sita kwenye simu yake.
Ikatetemeka ndani ya pindo la leso.
Akaifungua fundo kwa fundo, akasoma:
"Nne. Sufuri. Nne. Mbili. Mbili.
Hii ya mwisho ni sita au tisa?"
"Umeishika kichwa chini, Bibi?"
Akaigeuza, akaigeuza tena.
"Sita."
Kijani.

Ombi la Mundhir nikalifunga. Sababu lazima iandikwe.
Nilitaka kuandika: anamjua kuliko anavyojijua.
Fomu haina nafasi hiyo.
Nikaandika: idhini haipo.

"Kuna mtu aliyeniulizia?"
Ni haki yake. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta.
Akalifuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi.
"Kikulacho," akasema, wala hakumaliza.

Akaifunga simu kwenye leso. Akasimama. Akaketi tena.
"Na ile mosi Januari,
hiyo nayo mnasahihisha?"

Nikafungua fomu ya masahihisho.
Tarehe inataka tarakimu nane, si pungufu.
Nikachukua kalamu, nikamwuliza,
"Mvua ile, Bibi, ilianza mwezi gani?"