Kipimo cha Kofia

Gatini Mokowe mwenye boti aliuliza, "Wangapi?"
Nikanyoosha vidole viwili,
kisha kimoja nikakikunja
kama anayeficha deni.

"Tukistaafu, Lamu," ulikuwa ukisema, Mwakio,
huku Wundanyi ukungu umetuziba dirisha
na chai inapoa kabla ya kufika mdomoni.
Basi nimefika.
Nimestaafu hata kukuita mezani.

Mkomani njia ni nyembamba:
punda akija na mchanga mgongoni
mtu hujibanza ukutani.
Mara mbili nimejibanza,
nikapeleka mkono nyuma nikuvute usikanyagwe.
Nikashika chokaa.

Barazani, Bwanaheri, kijana wa miaka ishirini hivi,
anashona kofia ya vito.
Sindano yazama, yaibuka, haina pa kuwahi.
"Kichwa cha mwenyewe namba ngapi, mama?"
Namba sikuijua.
Nikakunja viganja hewani,
upana ule ule niliouinua hospitalini
kila nilipogeuza mto.
Akazungusha uzi ndani ya mikono yangu,
akaupiga fundo,
wala hakuuliza la pili.

"Miezi minne," akasema. "Au mitano, macho yakichoka."
Nikatoa arubuni.
Nitamvika nani, sijui.

Usiku chandarua ni kipana kupita haki yangu.
Nahesabu: Machi, Aprili, Mei,
nakosea, naanza tena.
Juu ya shuka mikono bado imeachana
kwa upana wa kichwa chako.