Daraja la Wasio na Karatasi

Ukumbi wa michezo wa Steinkjer, Februari.
Mistari ya mpira wa mikono inapita chini ya vizimba,
hewa ni kahawa, mchanga wa choo cha paka,
na soksi za sufu zinazokauka juu ya bomba la joto.
Kila nikimaliza paka mmoja napaka mikono dawa;
ngozi ya vidole imekuwa kama karatasi ya kufungia jibini.

Miaka thelathini na moja nahukumu paka wa msituni.
Naanza na pua: kidole kinashuka
kutoka paji hadi ncha, kisikutane na bonde.
Kichwa pembetatu. Macho ya mshazari.
Masikio marefu, na nchani vishungi
kama wino uliovutwa na kalamu inayokauka.
Mkia ufike mabegani. Usipofika,
usinisimulie habari za moyo wake.

Nyumba njema si mlango, husemwa.
Sawa. Mimi nimeitwa kukagua mlango.

Asubuhi wamepita wenye vyeti.
Solfrid Aune na dume lake, mababu kumi na sita
kwa majina na namba, na manyoya laini mno,
manyoya ya kochini,
ambayo yangeinywa mvua yote ya Oktoba.
Nikaandika: koti si la msituni.
Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.
Wa pili alikuwa na dalili ya Uajemi puani,
damu ya bibi fulani iliyorudi kwa kunyata.
Cheti hakikulijua hilo. Kidole kilijua.

Saa nane, daraja la wasio na karatasi.
Mmoja tu.
Mzee Torgeir Brekkhus, kutoka Snåsa,
amemleta katika kreti ya viazi iliyofungwa wavu wa kuku.
"Marehemu mke wangu alisema huyu ni halisi.
Mimi nilisema ni paka wa zizi tu.
Tumebishana miaka sita.
Nimekuja kuumaliza ubishi."

Nikamweka mezani.
Alinuka nyasi kavu na dizeli.
Pua imenyooka kama reli.
Nilipopuliza manyoya ya mgongo, chini yake
likaonekana koti la pili, zito, la kijivu;
nikadondosha tone la maji, likaviringika,
likaanguka mezani zima.
Ingunn, msaidizi wangu, aliacha kuandika.
Mimi nami nilikuwa nimeacha kupumua.

Kisha mkia. Mrefu, umepita mabega.
Nikaufuata kifundo kwa kifundo, taratibu,
na karibu na ncha, chini ya manyoya yote yale,
punje. Kama dengu.
Mfupa uliojikunja.

Hakuna aliyeona.
Ningeweza kuuachia mkia na kutabasamu.
Kanuni zetu hazikushuka kutoka mbinguni:
ziliandikwa na watu wachache wenye paka wachache,
jikoni kwa mtu, wakihofia kwamba siku moja
msitu utabaki na jina bila mnyama.
Hao ndio walionifundisha kupapasa mkia hadi mwisho.

"Ana fundo," nikasema.
Torgeir akatafuta, asilipate.
Nikamshika kidole, kigumu, chenye ufa wa baridi,
nikakiweka. "Hapo."
"Aa."
Akakiacha hapo muda mrefu.
"Labda ni mlango wa zizi, ulimbana akiwa mdogo.
Au alizaliwa nalo. Aliyejua ni Borghild."

Kanuni haiulizi sababu.
Nikaandika: hakubaliwi. Nikatia sahihi.
Halafu, kalamu ikiwa bado wazi:
"Ana ndugu?"
"Dada. Anakaa chini ya trekta, hashikiki.
Mkia wake sijui. Nani amewahi kuugusa?"
"Nitakuja Mei, theluji ikiyeyuka."

Akamrudisha paka kretini, akafunga wavu kwa waya,
mzunguko mmoja, miwili, mitatu.
"Basi ubishi haujaisha," akasema,
akatoka nao nje kwenye theluji,
hatua zake nyepesi kuliko alivyoingia.