Kama Nilivyopokea

Kazi yangu ni kuhamisha maneno.
Kiingereza cha sheria kinaingia sikioni,
kinatoka mdomoni Kiswahili,
na sina ruhusa ya kutia chumvi
wala kuipunguza.
Miaka kumi na tisa sasa, Mahakama ya Shanzu.

Mshtakiwa: Badi Mwinyikombo wa Mishomoroni,
kibanda cha kuchaji simu, umri ishirini na sita.
Kosa: kusambaza habari za uongo mtandaoni,
za kutia umma hofu, wakati wa kipindupindu.
Nikamtafsiria. Akakanusha.
"Nilituma kama nilivyopokea."

Kielelezo namba tatu: sekunde arubaini na moja za sauti.
Feni ikazimwa ili tusikie.
"Jamani, ile dawa wanayotia visimani
si ya kuua vijidudu, ni ya kufunga vizazi.
Wallahi nimeliona kopo kwa macho yangu."
Na nyuma ya sauti yake, jikoni huko,
mwanamke anaita: "Badi, uji wapoa!"

Mwanamke huyo alikuwa benchi la pili.
Alipojisikia
akavuta buibui, akaufunika mdomo,
kwa kuchelewa.

Hakimu akaniuliza: hilo *wallahi*, kwa Kiingereza?
Nilikwama. Silabi tatu tu.
Watu huuzia samaki kwa neno hilo,
huchumbia kwalo, hukana madeni.
Nikasema: ameapa kwa Mungu.
Kalamu yake ikasimama.

Kiongozi wa mashtaka akatoa ujumbe wa kwanza,
ule Badi aliotumiwa. Mistari miwili ya maandishi.
Hamna kopo. Hamna macho. Hamna Mungu.
"Haya matatu, kijana, uliyapokea kwa nani?"
Badi akatazama viatu vyake.
Hapo sikuwa na la kutafsiri.

Kisha Bi Nyevu Karisa, mhudumu wa afya wa kujitolea,
mkono wa kushoto una nyuzi saba.
"Ndoo yangu ya klorini waliimwaga mtaroni.
Wakanifukuza kwa mawe hadi Barsheba.
Mmoja wa warushaji namjua,
nilimpima uzito akiwa mchanga."
Siku nne kisima hakikutiwa kitu.
Siku ya tano akaitwa tena, kuwabeba.
Idadi hakuitaja. Daftari la wodi liliitaja:
kumi na mmoja walilazwa Makadara.
Kumi walirudi.
Umazi, miaka mitatu, yumo katika daftari
kwa wino mwekundu.

Hukumu ilisomwa Alhamisi, kabla ya adhuhuri.
"Kipindupindu nacho, Badi,
hutumwa kama kilivyopokelewa,
mkono hadi mkono.
Ila chenyewe hakiapi."
Faini elfu themanini, au miezi minane ndani.
Simu kutaifishwa.
Nilitafsiri polepole. Nilipofika *miezi minane*
alinitazama mimi, si hakimu,
utadhani ndiye mimi niliyeitunga.

Bangili mbili za mama zikaenda kwa sonara,
na kibanda kikapata mwenyewe mwingine.
Kufikia saa kumi risiti ilikuwa mkononi.

Saa kumi na robo simu yangu ikatetemeka.
Dada yangu, kutoka Mtwapa:
picha ya Badi kizimbani, na chini yake
"Kijana wa Mishomoroni afungwa miaka kumi
kwa kufichua siri ya visima."
Imesambazwa mara nyingi, simu ikaniambia.
Miaka kumi! Na mimi ndiye niliyeitamka
ile minane, miezi, kwa ulimi huu.

Mama yake alikuwa kivulini mwa lango,
amenyoosha ile karatasi juu ya goti.
Watu walishampigia. Wengine wanalia, wengine wanampongeza.
"Mwanangu," akanambia,
"nikiipiga picha hii, nikawatumia, wataamini?"

Sikujua.
Nikamshikia karatasi isipeperuke.
Akauliza aandike nini chini yake.

"Usiandike kitu, mama.
Tuma kama ulivyopokea."